Wetisuti Ipi kwa Maji Yapi?

Kwenye wetisuti, yaani vazi la kubana mwili la kuteleza kwenye mawimbi kwa ubao, naona 3/2, 4/3, 5/4. Namba hizi zinasema nini?

Ni unene wa neoprini, mpira laini unaotengenezea vazi hilo, kwa milimita. Namba ya kwanza ni ya kiwiliwili, kinachopaswa kutunza joto. Ya pili ni ya mikono na miguu, ambako wembamba husaidia, maana unapiga makasia kwa mikono muda wote ukiwa umelala juu ya ubao. Kwa wengi mgawanyo ni huu: maji ya nyuzijoto 24 kwenda juu, kaptura na fulana ya kukinga jua vinatosha. Kuanzia 20 hadi 23, chukua wetisuti fupi ya milimita 2. Kwenye 17 hadi 19, ndefu ya 3/2; 13 hadi 16, 4/3; 10 hadi 12, 5/4 pamoja na viatu, glavu na kofia ya neoprini. Chini ya 10 ni 6/5/4 (hapa ya pili ni ya miguu, ya tatu ya mikono) yenye kofia iliyounganishwa. Kama wewe husikia baridi haraka, au upepo ni mkali, panda ngazi moja kwenye unene.

Majira ya kuchipua yamefika na jua linawaka. Mbona maji bado ni baridi kama ya kipupwe?

Kwa sababu bahari hupata joto polepole na kulipoteza polepole, hivyo huwa nyuma ya hewa kwa mwezi mmoja au miwili. Sehemu nyingi za kaskazini mwa dunia, bahari hufikia baridi yake kali Februari na Machi, na joto lake la juu Agosti na Septemba. Kusini ni kinyume chake. Ndiyo maana Oktoba yenye mawingu huko kaskazini inaweza kuwa na maji ya vuguvugu kuliko Aprili yenye jua tele.

Na kuna pwani ambazo hata kanuni hiyo haizitoshi. Kwenye pwani ya Atlantiki ya Cape Town, upepo wa kusini-mashariki wakati wa kiangazi husukuma maji ya juu kwenda mbali na pwani, na maji baridi ya kilindini hupanda kuchukua nafasi yake. Watu wanaota jua ufukweni, na maji yako chini ya nyuzijoto 13! California nayo hupatwa na hali hiyo, hasa majira ya kuchipua. Kwa hiyo nakusihi: kabla ya kuchagua vazi, tazama kipimo cha joto la maji cha siku hiyo. Kalenda na hali ya hewa havitoshi.

Fedha zangu zinatosha wetisuti moja tu. Maji yetu ni 12 wakati wa baridi na 18 wakati wa joto.

Nunua 4/3 nzuri. Miezi ya baridi ongeza viatu, glavu na kofia, ambavyo ni nafuu kuliko vazi la pili. Wakati wa joto utasikia joto kidogo, lakini hilo hupoa ukifungua shingo na kuingiza maji. Baridi haina dawa rahisi hivyo. Vidole vikishindwa kushika ubao sawasawa, au ukitetemeka bila kukoma, toka majini papo hapo.

Nina 5/4 nami natetemeka, mwenzangu mwenye 4/3 anastarehe. Kwa nini?

Karibu nina hakika vazi lako halikukai. Kinachokinga baridi ni viputo vidogo vya gesi ndani ya neoprini, na maji machache yaliyonaswa hupashwa joto na mwili. Vazi likiachia, kila wimbi huyafukuza na kuleta mengine baridi, na unene unakuwa kazi bure. Livae, uchuchumae, uinue mikono juu: kusiwe na mfuko wa hewa kiunoni, kwapani wala nyuma ya magoti, na shingo ikae vizuri bila kukukaba.

Kisha chunguza mishono. Iliyo bapa, yenye uzi uliotoboa hadi ndani, hupitisha maji na inafaa bahari ya joto. Kwa maji baridi tafuta iliyogandishwa kwa gundi kisha ikashonwa bila sindano kutokea upande wa pili. Mwenzako huenda anayo hiyo.

Naweza kuianika wetisuti juani ikauke haraka?

Hapana, jua hukausha na kupasua neoprini. Isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, igeuze ndani nje, uikunje kiunoni juu ya kitu kipana, kivulini. Ukiitundika kwa mabega ikiwa imelowa, uzito wa maji utayavuta mpaka yalegee.