Maswali na Majibu: Kompresa Si Brashi ya Nguo

Tuko karakana ya fenicha Keko. Jioni tunapulizana vumbi kwa upepo wa kompresa, nguo zinatakata mara moja. Bosi kakataza. Kosa liko wapi?

Bosi yuko sahihi. Upepo ule hauondoi vumbi, unalihamisha tu kutoka kwenye suruali hadi puani. Tazameni saa kumi na moja, jua likipenya kwenye matundu ya bati huku mwenzenu akipulizwa: wingu lote lile mnalivuta nyote, na barakoa mmeshavua kwa kuwa kazi imeisha. Lile laini msiloliona ndilo linaloshuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Tena vumbi la mbao linajulikana kusababisha saratani ya pua.

Upepo wenyewe nao ni hatari. Unaweza kupasua ngoma ya sikio, au kuingia chini ya ngozi kupitia kidonda. Na ule mchezo wa kupulizana makalioni ufe leo, umeshaua watu.

Sasa tutumie nini?

Mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ya nyumbani yenye mfuko wa kitambaa hutema vumbi laini nyuma. Anzieni mabegani, mshuke hadi kwenye mapindo ya suruali, huko ndiko linakojificha. Barakoa ivuliwe mwisho.

Viwanda vingine vina vibanda maalumu vya kupuliza nguo, ila mle kuna feni inayovuta vumbi lote chini na kulitoa nje, na mfanyakazi huingia na barakoa na miwani. Kompresa kwenye kona ya karakana si kibanda.

Mume wangu anakata granaiti za kaunta. Nguo zake nizikung'ute kabla ya kufua? (Mama Mbagala)

Hapana, mama, usizikung'ute. Zitumbukize zote kwenye beseni la maji, taratibu, ziloane kwanza. Usizichanganye na za mtoto. Vumbi la granaiti lina silika, madini ya kwenye mawe na mchanga, inayoleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba ya kuuponya. Afadhali zaidi abadilishe nguo hukohuko kazini. Sheria ya mwaka 2003 ya usalama na afya kazini inamtwika mwajiri jukumu la kumlinda.

Maziwa yanasafisha kifua?

Maziwa huenda tumboni, vumbi liko mapafuni. Kunywa kwa sababu unayapenda.