Maswali ya Wasomaji: Seti za LEGO, Kutoka Rundo la Mtumba Hadi kwa Mnunuzi

Barua nyingi za toleo hili zinatoka kwa watu waliokwisha kununua vipande vya LEGO, yaani matofali ya plastiki ya kuunganisha, na sasa wanataka kujua wana nini hasa mkononi. Tumelijibu hilo kwa urefu, kwa sababu asiyejua alichonacho hawezi kukipangia bei wala kukieleza kwa mnunuzi.

Nimenunua mtandaoni kilo nane za LEGO zilizochanganyika, hazina maboksi wala vijitabu. Muuzaji alidai ndani yake mna seti kadhaa kamili. Nitazitambuaje, na nitajuaje kama inafaa kuzikamilisha au niuze kipande kimoja kimoja?

Anza kwa kuosha, maana vumbi na mafuta ya mikono huficha rangi, na rangi ndiyo itakayokusumbua baadaye. Tenga vipande vyenye stika, mota, taa na chochote chenye waya au betri. Hivyo vifute tu kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Vilivyobaki vitie kwenye mfuko wa wavu, uvisukesuke katika maji ya sabuni nyepesi yasiyozidi nyuzi joto 40. LEGO yenyewe inashauri usivuke kiwango hicho, kwa hiyo mashine ya kufulia na kikaushia nywele visitumike. Vianike kivulini juu ya taulo, vinundu vya kuunganishia vikiwa juu, ili maji yaliyonasa ndani yatoke kwa chini.

Kisha ondoa vijisanamu vya watu pamoja na kofia, nywele, silaha na vyombo vyao, uviweke kando kabla ya kugusa kitu kingine. Katika seti nyingi hivyo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya thamani, na ndivyo vinavyopotea mapema. Viungo visichanganywe: kiwiliwili, miguu na kichwa vilivyokuja pamoja vibaki pamoja mpaka uhakikishe ni vya nani.

Vinavyobaki vipange kwa umbo, si kwa rangi. Wageni wengi hufanya kinyume, kisha wanatumia jioni nzima wakitafuta bamba (kipande chembamba kuliko tofali) dogo jekundu ndani ya rundo la vitu vyekundu. Jicho hunasa rangi tofauti upesi sana, lakini umbo tofauti katika rangi moja hulipita. Ukiwa na beseni la mabamba ya 1×2 (kinundu kimoja kwa viwili) ya kila rangi, la kijani utaliona mara moja.

Sasa soma namba iliyo upande wa ndani wa kipande. Tofali la 2×4 ni 3001, la 2×2 ni 3003, la 1×2 ni 3004; bamba la 1×2 ni 3023. Hiyo ni namba ya umbo peke yake. Kurasa za mwisho za kijitabu cha maelekezo zina namba nyingine, mara nyingi ya tarakimu saba, ambayo hutaja umbo pamoja na rangi yake. Ukiagiza kwa kuchanganya namba hizi mbili utaletewa umbo sahihi katika rangi isiyo sahihi, na kosa hilo hutokea kila siku.

Kutambua seti, usihangaike na vipande vya kawaida. Tofali jekundu la 3001 limo katika seti nyingi mno, halikuelezi kitu. Tafuta vya ajabu: kipande chenye picha iliyochapwa, kioo cha gari chenye umbo la pekee, mnyama, bendera, au umbo la kawaida katika rangi ambayo huioni mara kwa mara. Kila kipande katika katalogi ya BrickLink (soko la mtandaoni la LEGO) au Rebrickable (tovuti ya orodha za vipande) kina orodha ya seti ambamo kimewahi kutumika. Ukipata kilichotumika katika seti mbili tatu tu, linganisha orodha hiyo na ya kipande cha pili cha ajabu. Seti inayotokea katika zote mbili ndiyo unayoitafuta.

Maelekezo ya seti nyingi yanapakuliwa bure kwenye tovuti ya LEGO. Hesabu vipande kwa orodha kwanza, halafu jenga. Hatua zote mbili zinahitajika: orodha huonyesha kilichopungua, ujenzi hufichua kilichochakaa, kama vile tofali lililopasuka ambalo halishiki, au pini ya Technic (LEGO za mashine zenye viungo vinavyosogea) isiyo na msuguano (3673) iliyowekwa pahali pa yenye msuguano (2780), mkono wa mashine ukawa unaning’inia.

Swali lako la mwisho linaamuliwa na aina ya vipande vilivyopungua kuliko idadi yake. Seti iliyopungukiwa vipande 60 vya kawaida huku vijisanamu vyote vipo, kamilisha. Iliyo na kila kitu isipokuwa vijisanamu viwili ambavyo havikutolewa katika seti nyingine, mara nyingi inafaa kuvunjwa na kuuzwa vipandevipande. Jumlisha bei ya unavyohitaji pamoja na usafirishaji kutoka kila duka. Hapo ndipo hesabu huharibika: vipande vyenyewe ni vya bei ndogo, lakini vikitoka maduka manne unalipia usafirishaji mara nne. Subiri ukusanye mahitaji ya seti tatu au nne, ndipo utafute duka moja au mawili yatakayotimiza sehemu kubwa.

Na neno “kamili” la muuzaji wa rundo lisikuongoze kamwe. Tofali la 2×4 lina uzito wa gramu 2.3 hivi, kwa hiyo kilo moja ya matofali hayo ina zaidi ya vipande 400, na ya vipande vidogo ina vingi zaidi. Kilo nane ni maelfu. Ni vigumu kuamini kwamba mtu alivihesabu.

Nimeuza ngome ya zamani ikiwa na vipande vyote. Mnunuzi ameirudisha akisema rangi ya kijivu hailingani. Mimi naona kijivu ni kijivu.

Mnunuzi ana haki. Mwaka 2004 LEGO ilibadili kijivu chake chepesi, kijivu kizito na kahawia. Kijivu cha zamani kinaelekea umanjano. Kipya kinaelekea ubuluu. Usiku chini ya taa ya manjano hutaona tofauti, ila kwenye mwanga wa mchana ukuta uliochanganyika unaonekana una mabaka. Chukua kipande kimoja unachokijua kuwa kipya, kaa karibu na dirisha, ulinganishe kimoja kimoja. Unapoagiza vya kukamilishia seti ya kabla ya mabadiliko hayo, chagua rangi kwa jina lake kamili la katalogi. Na ukiwa huna njia ila kutumia kijivu kipya, kitaje katika tangazo, useme ni vingapi na vipo wapi.

Vipande vyangu vyeupe vimegeuka manjano. Je, vinarudi?

Vinarudi, kwa muda. Jua na joto huibadili sehemu ya juu ya ABS, plastiki ya matofali haya. Dawa inayotumika ni haidrojeni peroksaidi ya dukani, kati ya asilimia 3 na 6. Vaa glavu. Vitie vipande vilivyooshwa kwenye chombo cha plastiki angavu, vifunike kwa dawa, weka juani, koroga kila saa kwa sababu viputo huviinua juu na upande uliotoka nje ya dawa hubaki na mstari. Kifuniko kisikazwe, gesi inahitaji pa kutokea. Vyeupe, vya kijivu na vya buluu hupokea vizuri. Saa chache hutosha vilivyobadilika kidogo. Usivitie vyenye stika, chuma, umeme au rangi ya kung’aa kama fedha, na vyenye picha jaribu kimoja kwanza. Manjano huweza kurejea, hivyo mnunuzi aambiwe kwamba vimesafishwa kwa dawa.

Kila nikibomoa seti yenye kahawia iliyokoza wekundu, vipande vinavunjika. Nakosea wapi?

Hukosei. Kahawia hiyo na nyekundu iliyoiva sana, za miaka ya baada ya 2004, zinajulikana kwa kukauka na kukatika, hasa vibanio vidogo na mabamba membamba. Tumia vitenganishi viwili vya matofali (96874), usitumie kisu wala meno: bana kimoja juu na kingine chini ya mabamba mawili yaliyogandana, kisha vikunje kuelekeana. Vibanio usivijaribu kwa kuvifungua na kuvifunga. Weka akiba ya vipande vya rangi hizo, kwa sababu utavihitaji. Angalia pia stika iliyopita juu ya matofali mawili. Hayo yasitenganishwe, yauzwe yakiwa yameshikana.

Je, ni kweli kwamba seti iliyofungwa ikitunzwa tu hupanda bei baada ya kuacha kutengenezwa?

Nyingi hupanda. Lakini hatari ipo, na inaitwa toleo jipya. Seti 10179, chombo cha anga cha Millennium Falcon cha filamu za Star Wars, ya mwaka 2007, ilikuwa imepanda bei mno kwenye soko la mtumba mpaka 2017, LEGO ilipotoa 75192 yenye vipande 7,541. Wajenzi waliokitaka chombo chenyewe wakawa na njia ya bei ya duka, na bei ya kile cha zamani ikashuka. Mwaka huohuo Taj Mahal ya 2008, namba 10189, ilirudi ikiwa 10256, karibu sawasawa na ya kwanza. Kinachobaki na nguvu baada ya toleo jipya ni boksi lililofungwa kwa ajili ya mkusanyaji. Seti ya zamani iliyofunguliwa ndiyo huumia.

Tunakushauri usiweke mtaji wote kwenye seti moja kubwa. Hifadhi pakavu, mbali na jua, maboksi makubwa chini na mepesi juu. Kona iliyobonyea hupunguza bei hata kama mihuri haijaguswa.

Nitajuaje vipande visivyo vya LEGO vilivyoingia kwenye rundo?

Elekeza mwanga kwa ubavu juu ya vinundu: kwenye karibu kila kinundu halisi limeandikwa neno LEGO. Kwa vijisanamu tazama kinundu cha kichwani na cha shingoni, kisha ukali wa uchapaji usoni. Matofali ya kampuni nyingine yenye umbo hilohilo si lazima yawe haramu. Hataza ya tofali ya 1958 ilikwisha zamani, na mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikataa umbo la tofali kusajiliwa kuwa alama ya biashara. Unachokatazwa ni kuyauza kwa jina lisilo lake. Yatoe yote, uyauze peke yake kwa jina lake.

Nimeona tangazo la seti kama yangu kwa bei kubwa sana. Niweke bei hiyohiyo?

Bei iliyotangazwa ni matumaini ya muuzaji. Tazama zilizouzwa: BrickLink huonyesha mauzo ya miezi sita iliyopita, mpya mbali na zilizotumika, pamoja na wastani unaozingatia idadi. Kama seti imeuzwa mara mbili tu katika miezi hiyo, wastani huo usiutegemee. Ukiona imeuzwa mara arobaini, fuata. Toa ada ya soko, ada ya malipo, vipande ulivyonunua na vifungashio kabla ya kuita kilichobaki faida.

Kisha usafirishaji, ambao huwameza wengi. Wasafirishaji wengi hulinganisha uzito wa mzigo na ujazo wake: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawe kwa 5,000, na unalipia kilicho kikubwa. Boksi la 58×48×12 lina kilo 6.7 za ujazo. Ukiliweka ndani ya boksi jingine lenye nafasi ya sentimita 3 kila upande, vipimo vinakuwa 64×54×18, yaani kilo 12.4. Seti iliyofungwa inastahili gharama hiyo, kwa hiyo pima boksi la nje kabla hujatangaza bei ya kutuma. Iliyotumika isitumwe ikiwa imejengwa: ibomoe kwa sehemu, kila sehemu kwenye mfuko wake wenye namba ya hatua, vijisanamu kwenye mfuko wao, kijitabu kati ya kadibodi mbili, na ujaze nafasi zote mpaka ukitikisa boksi usisikie kitu kikigonga.