Mpeleke Mtoto Kilwa Kisiwani, Umwachie Mkono

Wiki iliyopita msomaji wangu mmoja wa Masasi alinitumia ujumbe. Yeye na mumewe wamepata likizo ya pamoja kwa mara ya kwanza tangu waoane, wana watoto watatu, hela ipo ila si ya kuchezea, na wanataka kupumzika. "Siyo kwenda kupiga picha tu, dada. Kupumzika kweli." Akauliza: Zanzibar au Dar?

Mdogo wangu, si Zanzibar wala si Dar. Nenda Kilwa Kisiwani, kile kisiwa cha magofu ya kale mkoani Lindi. Sisi tumetoka huko Juni hii, shule zilipofungwa, na tangu turudi Mtwara natafuta mtu wa kumweleza. Leo umenipata, kwa hiyo kaa chini unisikilize.

Naanza na sababu. Mwanangu wa pili aligongwa na bodaboda mwaka juzi, karibu kabisa na nyumbani, akitoka dukani na mkate wa jioni. Alivunjika mguu chini ya goti. Aliyemgonga hakusimama. Majirani waliiona pikipiki ikipinda kona, wakaona na koti la dereva, lakini hakuna aliyemkamata, na hadi leo sijui ni nani. Mguu ulipona, mtoto anacheza mpira na wenzake. Mimi ndiye sijapona. Tangu siku ile tukitoka namshika mkono, tukifika sokoni nambana mpaka ananiambia, "Mama, unaniumiza." Ana miaka tisa. Watu wananiambia nimezidi. Aliyewahi kumkuta mwanawe amelazwa pembeni mwa barabara, kiatu kimoja huku na kingine kule, haniambii hivyo.

Sasa fikiria mama wa namna hiyo umpeleke likizo mjini. Tulijaribu. Hoteli nzuri, bwawa la kuogelea, chakula cha kujipakulia. Lango linafungukia barabara kuu. Baba watoto anafanya kazi za bandarini, simu haikumtoka sikioni. Mama mkwe wangu alijifungia chumbani kwa sababu lifti ilimpa kizunguzungu. Mimi nikawa mlinzi wa geti. Tulirudi nyumbani tumechoka kuliko tulivyoondoka, na hela imekwenda.

Safari ya Kilwa yenyewe haina maneno mengi. Panda basi la Dar, shuka Nangurukuru, hapo utapata usafiri mdogo hadi Kilwa Masoko. Wewe wa Masasi utapitia Mnazi Mmoja, halafu njia ni hiyo hiyo yetu. Kama mna gari lenu, liacheni Masoko mahali penye mlinzi. Narudia, liacheni. Kwenda kisiwani hakuna daraja wala pantoni ya magari, na hiyo ndiyo baraka unayoifuata. Pale Masoko mnapita ofisini kuchukua kibali cha kuingia kwenye magofu, Mtanzania analipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mnapata mwongoza wageni. Msimruke huyo mwongozaji ili kubana matumizi. Sisi ndiye aliyetutafutia mwenyeji wa kulala kwake.

Bahari pale ni nyembamba. Ukisimama ufukweni Masoko unakiona kisiwa mbele yako, na boti ya injini haichukui muda. Lakini uliza maji kwanza. Uliza kama yanajaa au yanapwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, maana yakipwa boti inasimama mbali na mnatembea kwenye tope mizigo ikiwa kichwani. Sisi tulivuka yamejaa. Nahodha alitusogeza mpaka karibu na Gereza, ile ngome waliyoianzisha Wareno mwaka 1505 na Waomani wakaja kuijenga upya, na mama mkwe akashuka taratibu bila kanga yake kulowa.

Mtoto aliruka, akakimbia. Nikaita jina lake kwa sauti, mkono wangu umeshanyooka kumtafuta. Mwenyeji wetu, bibi mtu mzima aliyekuja kutupokea, akaniuliza, "Unamwitia nini, mwanangu? Huku kitamgonga nini, mbuzi?"

Niliushusha mkono. Sitaki kukudanganya kwamba moyo ulitulia saa ile ile. Siku ya kwanza nilikuwa nikichungulia kila baada ya dakika chache. Gari hakuna, hilo nililijua. Lakini masikio yangu yalikuwa bado yanasubiri honi. Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta kitanda chake kitupu, na nikamaliza kunywa chai kabla sijauliza yuko wapi. Mdogo wangu, ile chai ndiyo likizo. Kama hujawahi kuishi na hofu huwezi kujua ladha yake.

Alikuwa ufukweni na wajukuu wa mwenyeji wanatazama pweza akipigwa. Nilikwenda nikasimama nao. Kijana alikuwa amemshika pweza kichwani, anambamiza kwenye jiwe, anamsugua kwa mzunguko mpaka povu la kijivu linatoka, anamchovya majini, anaanza tena. Wanangu wanakula pweza tangu hawajaota meno, wanamnunua njiani na ming'oko, vile viazi pori vyetu, kama watoto wote wa Kusini, lakini hawakuwahi kujua kwamba ulaini ule ni jasho la mtu. Wa kwangu aliomba naye ajaribu. Akapewa. Mchana tulimla na tui zito la nazi, na mama mkwe, ambaye ni mgumu wa kusifu jikoni kwa mtu, aliomba aongezewe mchuzi.

Magofu tuliyaona polepole. Usiyamalize kwa asubuhi moja kama wageni wanaokimbiza boti. Nenda Msikiti Mkuu jua likiwa bado pole, rudi ule, ulale, kesho nenda kwingine. Ule msikiti ulianza kujengwa karne ya 11 na ukapanuliwa karne ya 14, na sehemu yenye kuba bado imesimama. Mwanangu alisogeza uso ukutani, akapitisha kidole kwenye mistari ya jiwe, akasema, "Mama, hili ni tumbawe." Kweli, ni tumbawe, limechongwa na kujengewa kwa chokaa, na vile vijitundu vyake bado unaviona. Mwongozaji akamwambia kwamba Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 akausifu mji huu. Halafu akamwambia habari ya sarafu za shaba za Kilwa, tano, zilizookotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa kilichoko kaskazini mwa Australia. Mtoto akauliza zilifikaje. Mwongozaji akasema wataalamu bado wanabishana. Tangu hapo mwanangu alitembea ameinama anatafuta sarafu, na nikamwacha atangulie mbele, mbali, mpaka Husuni Kubwa, lile kasri la kale kule kwenye genge, penye lile bwawa la pembe nane alilojengewa sultani. Njia ni ya miguu na mchanga, minazi huku na huku. Sikumshika mkono hata mara moja.

Mama mkwe hakwenda Husuni. Alibaki kwa mwenyeji wanasuka ukili na kuzungumza habari za ndoa za zamani. Na baba watoto? Alilala. Siku ya pili alikabidhi simu yangu na yake kwenye mkoba wa mama yake, akatandika mkeka chini ya mwembe, akalala mpaka adhuhuri ikamwamsha. Nilimtazama nikagundua sijamwona amelala mchana tangu tulipopata mtoto wa kwanza.

Hapa lazima niseme la moyoni. Tulipotangaza kwenye kundi letu la familia kwamba tunakwenda Kilwa Kisiwani, wifi yangu aliandika, mbele ya watu wote, "Likizo gani ya kwenda kulala magofuni? Mtaletewa majini." Wengine wakacheka. Shemeji akauliza kama tumefilisika. Iliniuma, na bado inaniuma kidogo nikiandika. Yale magofu yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuyaona, sisi wa Mtwara na Lindi tunayapita pale Nangurukuru usingizini ndani ya basi. Tunaona aibu ya cha kwetu. Mtu yuko radhi akope aende akapige picha kwenye hoteli ambayo watoto wake hawaruhusiwi hata kukimbia kwenye korido, ili tu kundi la familia liseme amekwenda.

Wazazi wenzangu, acheni hilo. Mtoto hahitaji lifti. Anahitaji mahali pa kukimbia ambapo mama yake hapigi kelele. Na nyie akina baba, simu muiweke mkobani, kazi haitakufa. Mwenzangu aliiweka, na meli zilipakia bila yeye. Mkienda na simu mkononi, mtakuwa mmehamisha ofisi tu mkaivusha bahari.

Mengine ya kuzingatia ni machache. Maji ya kunywa mbebe ya kutosha kutoka Masoko. Watoto wavae yeboyebo wakiingia baharini, matumbawe yanachana nyayo. Jaketi za kuokolea maisha mziulize kabla ya kupanda boti, za saizi ya watoto, na nahodha asiye nazo mwacheni hata kama bei yake ni nzuri. Mvae kwa heshima, ni kijiji cha watu wenye dini yao. Vyakula nunueni kwa wenyeji, msivuke na makopo. Na mara zote, maji kwanza: uliza yanajaa saa ngapi ndipo upange kurudi. Kuhusu majira, epuka masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Kusini upande wa Kilwa na watu wakakwama njiani. Juni na Julai kuna upepo wa kusi, lakini kuna ubaridi mzuri na mtalala bila kupepea.

Sisi baba watoto ameshaomba likizo ya Juni ijayo, mapema, kabla msimu wa korosho haujammeza. Safari hiyo mtoto anataka kufika na Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu pia. Nahodha ametuambia kule ni mbali zaidi, na kwa kuwa ni wakati wa kusi, tuondoke alfajiri upepo ukiwa bado umelala. Jaketi ya saizi yake nimeshaanza kuitafuta.