Je, kukata kinyama cha kupima kunasambaza saratani?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 52, yuko kijijini Sengerema. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto, hauumi. Mama mkubwa alikuwa na uvimbe kama huo, akavukishwa kwenda Mwanza, akakatwa kinyama cha kupima, na miezi mitatu baadaye akafariki. Mama mdogo anayeishi Nyegezi, mjini Mwanza, alipimwa vilevile, na huu ni mwaka wa sita yu mzima. Wazee wanasema miili ya watu wa shamba haivumilii kisu, tutumie dawa ya kubandika. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Kipimo hakikumuua mama yako mkubwa. Karibu kila wiki nasimuliwa habari za mgonjwa wa namna hii, eti alikuwa mzima mpaka alipoguswa kisu. Muulize aliyekuwa akimwogesha. Sitashangaa akikwambia ngozi ya titi ilikuwa imeshakuwa kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani, matezi yamejaa kwapani, na kidonda kinafunikwa kanga mbili ili wageni wasisikie harufu.

Saratani husafiri yenyewe kwa njia ya damu na limfu, yaani majimaji yanayopita kwenye matezi, haingoji kisu. Sindano ya kupima huchukua vipande vyembamba kuliko njiti ya kiberiti. Bila vipande hivyo hatujui hata kama ni saratani, maana uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Na ikiwa ndiyo, hatujui kama inalishwa na homoni, tukampa tamoksifeni, dawa ya kuzuia homoni hiyo, au inataka dawa nyingine.

Nyegezi na Sengerema hazitofautishwi na miili ya watu. Wa Nyegezi hupanda daladala asubuhi, jioni yuko kwake. Wa kijijini huandikiwa antibiotiki ya jipu mara mbili, kisha anangoja pamba iuzwe apate nauli, kisha anapitia kwa mganga. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Wengi ninaowaona siku hizo ziliisha kabla hata hawajaandikiwa rufaa.

Hiyo dawa ya kubandika ndiyo inayonitoa jasho. Nimepokea titi lililoungua, ngozi imechunika hadi mbavuni, daktari wa upasuaji akakosa ngozi ya kufungia jeraha. Uvimbe wenyewe ungetolewa miezi minne nyuma. Muuzaji alikuwa ameshahama stendi.

Wala msidhani mjini wamesalimika. Mwaka 2011 watu walipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu, eti kinaponya kila ugonjwa, kwa shilingi 500, na wenye magari ya kifahari walikuwemo. Leo kikombe kimehamia WhatsApp, bei inapanda kila ukituma picha ya uvimbe. Anayekuahidi "kuyeyusha" uvimbe ambao hajaupima, awe na kibuyu au koti jeupe, mkimbie.

Mama asivushwe mwezi ujao, avushwe wiki hii. Dar es Salaam si lazima, hospitali ya Bugando hapo Mwanza wana kemo, yaani dawa za kuua saratani, na mionzi. Na kama kinyama kitakatwa huko wilayani, hakikisheni kimetiwa kwenye fomalini, dawa ya maji inayokihifadhi kisiharibike. Nimeletewa vipande vilivyokauka ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi, mgonjwa ikabidi achomwe sindano ya kupima upya.