Koili moja au hambaka kwa benga na kanisa?
Kaka, umesema Ijumaa unapiga benga, Jumapili roki ya kanisani, na pesa ni ya gitaa moja tu. Mimi ningetafuta lenye pikapu (kile kifaa kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwa spika) ya hambaka, yaani ya koili mbili za waya, upande wa daraja nyuzi zinakofungwa, na pikapu za koili moja katikati na upande wa shingo.

Benga inataka sauti kali na safi, kila uzi usikike peke yake solo ikikimbizana na besi. Hapo pikapu ya koili moja, ya gitaa jameni, si lile gari la kubeba viazi soko la Wakulima, haina mpinzani. Shida ni mvumo. Stima yetu ni ya hezi 50, na koili moja huunasa kama antena. Kuna usiku River Road, Nairobi, nilipiga shoo nzima nimewapa watu ubavu: nikiwatazama gitaa linavuma, nikigeukia ukuta linanyamaza.

Hambaka aliibuni Seth Lover wa Gibson mwaka 1955. Koili mbili zinapingana, sumaku nazo zinapingana, kwa hivyo mvumo unajifuta na sauti ya nyuzi inabaki, tena nene. Ukitia distoshoni, ile sauti ya kukwaruza ya roki, inapendeza. Kwa benga sasa, ni kama kuimba umejifunika blanketi.

Mwambie fundi akuwekee swichi ya kuzima koili moja ya hambaka. Mvumo utarudi na nguvu itapungua kidogo, lakini Ijumaa utaokoka.

Na kabla hujanunua chochote, chukua bisibisi ushushe hizo pikapu ulizonazo milimita moja au mbili, usikilize tena.