Maswali na majibu: maporomoko ya Dominika na mlo nyumbani kwa Marasta

Maswali ya safari hii yote yanahusu Dominika, kisiwa cha Karibiani: kutwa moja msituni na mwongozaji kuyafuata maporomoko ya maji, kisha kula nyumbani kwa familia ya Marasta. Wengi wanaulizia Victoria Falls ya kule, karibu na kijiji cha Delices, kusini mashariki mwa kisiwa. Jina ni moja na maporomoko ya Zambezi, lakini haya yako kwenye mto mdogo uitwao White River, unaopata maji yake kutoka Boiling Lake, ziwa linalotokota juu milimani. Madini ya huko ndiyo yanayoupa mto rangi yake, nyeupe kama tui la pili.

Natoka Nairobi. Nipitie wapi, na nijiandae na nini kabla ya kukata tiketi?

Kwanza soma jina la nchi mara mbili. Dominika si Jamhuri ya Dominikana, na wapo waliopoteza nauli kwa kosa hilo. Kiwanja kikuu cha Dominika ni Douglas-Charles, alama yake DOM. Ukiona SDQ au PUJ kwenye tiketi, unapelekwa nchi nyingine inayozungumza Kihispania.

Pili, usiulize masharti ya Dominika peke yake, uliza na ya njiani. Ukipita Miami unahitaji visa ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja. Boti za Guadeloupe na Martinique zinavutia kwa bei, ila visiwa hivyo ni vya Ufaransa na viko nje ya Schengen, lile eneo la Ulaya lenye visa moja, kwa hiyo visa ya Schengen ya kawaida haikuingizi. Barbados na Antigua nazo zina ndege za kuunganisha. Kwa kuwa unatoka Kenya, beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ziache nyumbani, hata kofia ya mtoto. Sheria ya Dominika inazikataza kwa raia na kwa wageni.

Nafanya kazi kwenye meli ya kitalii. Roseau, mji mkuu wa Dominika, tunafunga gati saa mbili asubuhi, na mimi natakiwa melini saa tisa na nusu alasiri. Victoria Falls itawezekana?

Ndugu yetu, usiende. Kwa karatasi hesabu inakubali: barabara saa moja na nusu kwenda na kama hiyo kurudi, kutembea karibu saa moja kila upande, dakika 40 kwenye maji, saa moja ya kula. Jumla ni saa 6 na dakika 40, na wewe una saa 7 na nusu. Lakini barabara ya huko ni kona juu ya kona, udongo wa mlimani huporomoka mvua ikinyesha, na mto ukijaa mtasubiri ng'ambo hadi ushuke. Dakika 50 za akiba hazitoshi, na meli haimsubiri mtu.

Nenda Trafalgar, kama dakika 20 kwa gari kutoka Roseau. Utatembea dakika 10 hadi 15 tu kufika kwenye jukwaa la kutazamia. Maporomoko ni mawili: lile refu wenyeji huliita Baba, la pili Mama, na katikati ya majabali kuna vijito vya maji ya moto. Kuvuka jukwaa na kupanda majabali si kazi ya kufanya peke yako. Ukibakiwa na muda, ongeza Emerald Pool, poromoko dogo lenye kidimbwi cha kijani ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons, ambayo UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. Kiingilio cha maeneo ya serikali kwa miaka mingi kimekuwa dola 5 za Marekani kwa eneo moja, au 12 kwa pasi ya wiki.

Nimeambiwa njia ya Victoria Falls inauvuka mto mara kadhaa. Sijui kuogelea vizuri. Nivae nini, na nivuke vipi?

Unavukwa mara nne au tano hivi, kutegemea mto ulivyojichimbia njia baada ya mvua kubwa ya mwisho. Maji ya siku ya kawaida hufika magotini, penginepo mapajani. Vaa raba zenye meno, na soksi. Ndara na makubazi hapana, mkondo utayachukua kwenye kivuko cha kwanza. Wala usivue raba ili zisilowe. Wengi wanaoteguka mguu ni wale waliovuka pekupeku wakakanyaga jiwe lenye utelezi.

Shida ya White River ni huo weupe wake. Kwenye mto wa maji maangavu unaliona jiwe kabla ya kulikanyaga. Hapa huoni kitu. Fimbo ndiyo macho yako, na iwe imara, ya kufika kifuani.

Vuka penye upana, si penye wembamba. Mto ukijibana, maji yote yanapita pale kwa nguvu. Ukitanuka, kina kinapungua na utayasikia maji yakigongana na kokoto. Fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili ukianguka ulivue mara moja. Elekeza uso kule maji yanakotoka, chomeka fimbo mbele yako, kisha sogea kando kama kaa: fimbo, mguu, mguu. Kimoja kikihama, viwili vimesimama. Usirukeruke juu ya mawe yaliyochomoza, maana ukungu wa msituni huyaacha yakiteleza kama sabuni. Ukichukuliwa na maji, lala chali, tanguliza miguu iwe ndiyo inayokutana na mawe, na usisimame mpaka ufike penye kina kifupi.

Kinachoua watu kwenye mito hii, hata hivyo, ni mafuriko ya ghafla. Mvua inaweza kunyesha juu milimani huku wewe uko juani. Maji meupe yakianza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vikianza kuelea, ukisikia mawe yakigongana chini ya maji kama mtu anayeviringisha mapipa, panda ukingoni papo hapo, upande ule ule uliopo. Usivuke ili "uwahi" wenzako. Mito ya kisiwa ni mifupi na yenye mteremko mkali: hujaa haraka na hupungua ndani ya saa chache. Kusubiri kunachosha, lakini hakujamzamisha mtu.

Mwongozaji akisema leo mto haupitiki, usibishane naye wala usimtafute mwingine atakayekubali. Kabla ya kulipa, muulize safari ikivunjika kwa mvua pesa zako zinarudi au zinahamia siku nyingine. Na mkitaja bei, taja dola ya nani. Dola ya Karibiani Mashariki imefungwa kwenye 2.70 kwa dola moja ya Marekani, hivyo 100 za kule ni kama 37 za Marekani.

Mkifika kwenye kidimbwi, kaeni mbali na pale maji yanapoangukia. Mawe na magogo huja pamoja na maji, na upepo wa poromoko pekee unaweza kumwangusha mtoto. Usiyanywe maji hayo, na vua pete ya fedha, kwani maji ya volkeno huweza kuigeuza nyeusi.

Mwezi gani ni mzuri?

Februari hadi Mei, ingawa msitu wa mvua hauna mwezi mkavu kabisa. Msimu wa vimbunga ni Juni hadi Novemba. Kimbunga Maria kilichopiga tarehe 18 Septemba 2017 kilikivua kisiwa kizima majani, na njia nyingi za msituni zilibidi zifunguliwe upya.

Chakula cha ital ni kipi hasa? Kweli hakuna chumvi?

Ital ni chakula kilicho karibu na shamba: hakuna nyama kwa walio wengi, hakuna cha kopo, pombe wala viungo vya kiwandani. Nyumba hazifanani. Wapo wasiotia chumvi hata chembe, wapo wanaokubali chumvi ya bahari, wapo wanaokula samaki wadogo. Nguruwe hakuna anayemgusa.

Mtu wa pwani atajiona kwao. Chungu kimoja huwa na magimbi, ndizi mbichi, viazi vikuu, shelisheli na mbaazi, vyote vikichemka ndani ya tui zito la nazi pamoja na kitunguu, thaimu na pilipili mbuzi nzima isiyopasuliwa. Pilipili hiyo inatoa harufu tu. Ikipasuka, chungu kizima kinawaka, ndiyo maana mpishi hukoroga pembeni pembeni. Mboga ni majani ya magimbi, na hayo huchemshwa mpaka yalegee kabisa, kwa sababu yasipoiva yanawasha koo. Ukisaidia jikoni, usiharakishe hapo. Shelisheli likichomwa huwekwa zima juu ya moto na kugeuzwa hadi ganda liwe jeusi pande zote na mvuke utoke penye kikonyo. Likitolewa mapema, katikati hubaki gumu na lenye utomvu.

Umetoka jasho kwa muda wa saa mbili na mwili unadai chumvi, jambo la kweli kabisa. Kula karanga zako za chumvi njiani kabla ya kufika. Kuomba chumvi mezani ni kumwambia mwenye nyumba kwamba alichokupikia kwa imani yake hakijatimia. Mwenye mzio wa nazi amwambie mwongozaji siku moja kabla, kwa kuwa nazi imo karibu katika kila kitu, hadi mafuta ya kupikia.

Nikiingia nyumbani kwao nifanyeje? Rafiki yangu alimpiga picha mzee, mzee akakasirika na kuondoka.

Mzee alikuwa na haki yake. Mwaka 1974 Dominika, ikiwa bado chini ya Uingereza na Patrick John akiwa kiongozi wa serikali, ilipitisha sheria iliyowatangaza wenye dredi kuwa kundi haramu. Polisi waliweza kumkamata mtu kwa kumtazama nywele tu. Kibaya zaidi, aliyemuua au kumjeruhi mmoja wao aliyekutwa ndani ya nyumba ya mtu hakushtakiwa. Watu walikimbilia milimani, wengine wakanyolewa kwa nguvu. Sheria ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mzee wa miaka 70 leo alikuwa kijana wakati huo, na nyumba kuwa mbali na barabara, juu ya bonde, haikuwa kwa ajili ya mandhari. Anapoelekezewa kamera bila kuulizwa, anayo sababu ya kuinuka.

Kwa hiyo omba ruhusa ya picha, mtu kwa mtu, na watoto kwa wazazi wao. Usiguse dredi, kwao ni nadhiri, ile ya Mnadhiri katika Hesabu sura ya 6. Usiingie na nguo ya kuogelea. Mama au dada mwenye kanga ajifunge moja kiunoni na nyingine mabegani, naye ataonekana amevaa vizuri kuliko watalii wote. Katika sala wanawake hujifunika kichwa na wanaume huvua kofia. Usibebe bia wala mkate wenye nyama ndani ya begi ukidhani hautaonekana. Baadhi ya nyumba, hasa za Bobo Ashanti, tawi mojawapo la Marasta, hushika Sabato kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumamosi jioni, basi uliza siku kabla ya kupanga. Zawadi nzuri ni kanga yenyewe, na uwatafsirie jina lake. Mbegu na miche usibebe, italeta magonjwa ya mimea na kesi forodhani.

Nikipewa bangi?

Kataa kwa upole, hakuna atakayeudhika. Tangu Oktoba 2020 mtu mzima hashtakiwi Dominika kwa kuwa na gramu 28 au pungufu, lakini ruhusa hiyo inaishia ufukweni. Kwenye meli na viwanja vya ndege ni kosa, na mabaharia hupimwa. Isitoshe, mto bado unakusubiri kurudi.

Mimi ni wa Kabale. Ngoma zao wanaziita Nyabinghi. Ni Nyabingi yetu?

Jina ni lenu. Nyabingi alikuwa roho aliyeheshimiwa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda iliko Kabale, na kaskazini mwa Rwanda, na waganga wake waliongoza upinzani dhidi ya wakoloni. Anayejulikana zaidi ni Muhumuza, aliyekamatwa na Waingereza mwaka 1911 na kuzuiliwa Kampala hadi kufa kwake mwaka 1945. Mwaka 1935, Italia ikiivamia Ethiopia, gazeti la Jamaika lilichapa makala ya propaganda iliyodai kwamba Haile Selassie anaongoza jeshi la siri la Waafrika liitwalo Nyabinghi. Makala ilikusudiwa kuwatisha wazungu. Marasta waliisoma wakafurahi, wakalichukua jina. Ngoma ni tatu: kubwa inayopigwa kwa mchi wenye kichwa laini, funde inayoshika mapigo mawili mawili kama ya moyo, na ndogo iitwayo ripita inayoimba juu yake. Ukikaribishwa kupiga, shika funde na usipambe chochote.

Nilikula kwenye bakuli la kibuyu wakanipa nije nalo. Sasa lina madoa ya ukungu ndani.

Hicho si kibuyu cha mtambaazi tunachokijua. Ni tunda la mti, lenye ganda gumu zaidi, hivyo litapona. Lisugue kwa maji ya moto, chumvi na ndimu, kwa brashi ngumu, hadi madoa yatoke. Suuza, ligeuze juu chini kivulini siku mbili penye upepo. Jua kali litalipasua ukingoni. Likikauka kabisa, paka mafuta ya nazi kidogo ndani na nje kwa kitambaa, yaache usiku kucha, futa yaliyobaki. Baada ya hapo usiliroweke wala usilaze chakula ndani yake.