Jibu: Mashine inasema sabuni 39, rafuni zipo 16

Habari ndugu. Umesema programu ya mauzo inaonyesha sabuni 39, rafuni umehesabu 16, na unataka kumkata mshahara kijana wa kaunta. Tafadhali subiri kwanza. Katoni yako ina vipande vingapi? Kama ni 24, hizo 23 zinazopungua huenda ni katoni iliyouzwa nzima ikaskaniwa kama kipande kimoja. Yalinikuta kwenye maji ya chupa, nikamfokea binti wa watu bure. Hadi leo inaniuma.

Kagua hesabu za droo ya pesa: siku pesa ilipozidi kwa karibu bei ya vipande 23 huenda ndiyo siku yenyewe. Halafu isajili katoni peke yake, mara nyingi ina msimbopau (ile mistari ya kuskani) wake, na uiambie programu ipunguze 24 kila inapouzwa.